Mshipi Mmoja, Mishipi Miwili

6 Februari

Kwa Kiherehere, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia kwa sababu nakujua: utaanza na maswali, shikamoo itakuja mwisho wa ukurasa.

Nimeliona tangazo la makumbusho yenu kwenye gazeti la kinyozi, jirani yangu. Mnaandaa kitabu cha ramani za kereng'ende, na mnaomba kila mwenye kamera na maji karibu awatumie picha. Mimi ninavyo vyote viwili. Kamera ni ile ya marehemu baba yako. Maji ni ya lile shimo nyuma ya duka langu, walikochimba udongo wa matofali wakaondoka zao bila kuaga. Limeota matete, limekuwa bwawa, na mimi miaka yote hiyo nimeligeuzia mgongo nikiinamia cherehani.

Juzi nilitoka kujinyoosha nikamwona kereng'ende mmoja ametua juu ya tete. Mwanangu, nimeshika hariri na lesi za kila namna, lakini kitambaa cha mabawa yale sijapata kukiona. Mshono ndani ya mshono, na hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Nilisahau kilichonitoa nje. Nilisimama mdomo wazi mpaka mteja akanifuata huko huko, akadhani nimeona nyoka.

Ubavuni, hapo kifuani, ana mshipi wa njano. Mmoja, mpana. Nimekuwekea picha tatu. Niambie ni nani huyu.

Barua hii nimeichapisha kwa binti wa kompyuta. Usishangae, shangazi yako naye kawa mtu wa kisasa. Simu usinipigie, kwenye simu unanikatiza. Gauni lako la siku ya uzinduzi wa kitabu nalikumbuka. Kitambaa kipo, tulia.

Ni mimi,
Shangazi yako


15 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeona? Nimeanza nayo.

Nakuandikia kutoka chumba cha wadudu, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka dawa ya nondo mpaka mkate wangu wa mchana una ladha yake. Droo zimepanda hadi darini, na kila droo imejaa kereng'ende wakavu waliochomwa pini. Kazi yangu ni kupokea picha zenu na kusema huyu ni fulani, yule ni fulani. Picha nyingi zinaonyesha kidole cha mpigaji. Zako nilipozitoa kwenye bahasha nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

Nikueleze. Kuna kereng'ende wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Ofisini tunawaita Mishipi Miwili na Mshipi Mmoja. Mwili ule ule, matete yale yale, urukaji ule ule. Mishipi Miwili ana mistari miwili myembamba ya njano ubavuni, iliyokaribiana. Huyo yuko kila mahali, acha ndoo ya maji nje na utamkuta. Mshipi Mmoja ana mstari mmoja mpana, na upande wenu hajaonekana tangu kabla sijazaliwa. Tunaye mmoja tu, droo ya juu kabisa, rangi imemtoka. Kila nikipanda ngazi kumtazama napumulia pembeni nisije nikampeperusha.

Na wewe unaniambia yuko nyuma ya duka lako, mzima, anakula mbu!

Nakuomba picha zaidi. Moja ya ubavu, moja ya kutoka juu, na moja ya ncha ya mkia. Kule mwishoni dume ana koleo dogo la kumshikia jike shingoni, na koleo la huyu halifanani na la yule. Rangi inaweza kukudanganya, koleo halidanganyi.

Usiende kutumbukia shimoni.

Wako,
Kiherehere


1 Machi

Kiherehere,

Sijatumbukia. Nimelowa mpaka magotini, lakini hiyo ni siri yangu na viatu vyangu.

Nimekuwa nikienda kila siku jua likishapanda. Nimewapa wateja likizo, wengine wamenuna, watanunua nguo za dukani wajutie. Nakaa juu ya jiwe kubwa la ukingoni na kamera shingoni. Yeye anakuja, anakaa juu ya tete lile lile, anaondoka, anarudi hapo hapo kama mtu mwenye kiti chake barazani. Unajua kuwa anaruka kinyumenyume? Nimemwona kwa macho yangu. Anasimama hewani, anafikiri, halafu anarudi nyuma bila kugeuka. Na lile jicho! Limezunguka kichwa chote, nadhani ananiona mbele na nyuma na ananihesabia mvi. Nikikaa pale naogopa hata kumeza mate. Sijawahi kuogopa hivyo msikitini wala kanisani, Mungu anisamehe.

Mkia nimeshindwa, hatulii. Ubavu ninao, na mshipi ni mmoja katika kila picha, kauangalie mwenyewe.

Gauni lako linasubiri vifungo vizuri. Nilivyoletewa havikunipendeza.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Keti kwanza. Umekaa?

Tumekuwekea nukta.

Mkuu wangu, yule mzee ninayekwambia huvaa miwani miwili, mmoja puani mmoja kipajini, alizipanga picha zako mezani na kuzizungukia kama fundi anayemzungukia bibi harusi. Kanuni yetu inataka koleo lionekane. Nilimwambia mpigaji ni shangazi yangu, kwamba shangazi ndiye fundi aliyemshonea kila mtu mtaani vitundu vya vifungo, mkono wake haujui kukosea. Akatazama tena. Mshipi mmoja katika picha zote. Akasema, "Weka." Nikafungua ramani ya Mshipi Mmoja, ambayo upande wenu ilikuwa nyeupe tupu, nikaweka nukta nyekundu mahali lilipo shimo lako. Ndogo kuliko kichwa cha pini. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Shangazi, kiumbe tuliyedhani ametoweka, na aliyemwona ni wewe!

Kuhusu gauni, nisikufiche. Kwanza ilikuwa kitambaa, sasa ni vifungo. Kama hutaki kunishonea sema tu, nitaelewa, ingawa nitalia kidogo.

Kiherehere wako


20 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti dukani mpaka binti wa kompyuta akaomba nirudie. Kinyozi ameibandika picha yangu kwenye kioo chake, kila anayenyolewa anamtazama kereng'ende. Mtaa mzima sasa unaniita Mama Kereng'ende. Watoto wananiletea panzi wakidhani nawanunua.

Usininunie kuhusu gauni. Sikiliza nikuambie jambo moja tu na usiniulize zaidi. Mwaka huu kila nilichokianza kiliharibika. Nimefumua kuliko nilivyoshona. Watu walikuwa wamezoea kuniuliza, "Fundi, siku hizi vipi, mbona umetupa kisogo?" nami huinama kana kwamba nimeangusha sindano. Leo wakiniuliza nawaambia niko kwenye ramani. Nukta yako ndiyo kitu pekee mwaka huu kilichotoka mikononi mwangu kikiwa sawa. Ndiyo maana nilikaa kitako juu ya sakafu, nikalia kama mtoto aliyevishwa nguo mpya.

Sasa niambie, siku ya uzinduzi nivae nini mimi?

Shangazi yako, Mama Kereng'ende


4 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo.

Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza tena. Funga mlango wa duka uisome peke yako. Usimpe binti wa kompyuta akusomee.

Mkuu aliitaka picha yako moja kwa ukurasa mzima wa kitabu, kwa hiyo nikaikuza kwenye skrini kubwa. Nilitaka kuuona mshipi ule kwa karibu kabla ya watu wote. Nilipofika kwenye mshipi niliona katikati yake kuna ukungu mwembamba, kama pale ulipofumua mshono na kitambaa kikabaki na alama. Nikatazama tete alilokalia. Lina kingo mbili. Nikatazama maji: kila tone la mwanga limekuwa kistari, na vistari vyote vimelala upande mmoja.

Nikasema ni upepo. Lakini upepo hutikisa tete, hautikisi jiwe. Na jiwe lako la ukingoni, Shangazi, nalo lina kingo mbili.

Nimezikuza picha zote. Zote ziko hivyo. Ni kamera iliyotikisika, na mishipi miwili myembamba ikasukumwa mpaka ikakutana, ikawa mmoja. Ni Mishipi Miwili. Wa kila siku, wa ndoo ya maji. Kanuni ya koleo iliwekwa kwa ajili ya siku kama hii, na mimi niliiruka kwa sababu nilikuwa najivunia mkono wako. Kosa ni langu na nimemwambia mkuu hivyo. Nukta nimeifuta jana. Ilinichukua asubuhi nzima kubonyeza kitufe kimoja.

Nimejaribu kuishia hapo, sikuweza. Nilikwenda nikatoa picha uliyonipiga mlangoni mwa duka lako mwaka juzi. Vifungo vyangu vyote vinahesabika, hata uzi wake unaonekana. Kamera ni ile ile.

Basi nikakumbuka mengine. Nilipokuja mara ya mwisho hukunimiminia chai, uliniambia nimimine mwenyewe, nami nikadhani unanifundisha adabu. Ulikaa muda wote mikono imo kwenye mifuko ya aproni. Barua zako zimechapwa, wewe ambaye ulikuwa unasema barua ya mashine ni ya kudai kodi. Na gauni.

Shangazi, ni mikono?

Nisamehe kama nimekosea. Natamani niwe nimekosea.

Mwanao


25 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Kimya chako kinanitafuna. Umenikataza simu, kwa hiyo nimempigia kinyozi. Amesema u mzima, duka umefunga, na kila alfajiri anakuona unakwenda shimoni umebeba mfuko wa mchanga. Nimemuuliza mchanga wa nini, akasema, "Nani atathubutu kumuuliza?" Amesema pia wewe mwenyewe umemwomba aitoe picha yako kiooni, amekataa.

Nitukane ukipenda, lakini niandikie.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Soma polepole. Mwandiko huu ni wangu. Unaona unavyocheza, mistari inapanda na kushuka kama kuku anayeparua. Nimeuandika mezani kwangu, bila binti wa kompyuta, na ukurasa huu umenichukua tangu jua lichomoze.

Ndiyo, ni mikono. Ilianza na kidole gumba cha kulia, nikasema ni uchovu. Baadaye sindano ikawa haiingii uzi. Mficha maradhi kifo humfichua, najua, usinikumbushe, methali hiyo nilikuwa nawaambia wengine. Lakini fundi akisema mkono wake unatetemeka amebakiwa na nini cha kusema? Nilificha kwa kila mtu. Nikaficha kwa kamera pia, kumbe kamera ndiyo iliyokuambia.

Barua yako ilinikasirisha sana. Siyo nukta. Kilichoniuma ni kwamba ulinitazama kwenye karatasi, toka huko mbali, ukaniona kuliko wanaoniona kila siku. Nilikaa na hasira mpaka ikachoka yenyewe. Kisha nikajiambia: mtoto anataka koleo, mpe koleo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikashona mfuko, mshono wa ovyo ovyo ambao zamani ningeuchoma moto, nikautia mchanga. Kamera nailaza juu yake, nabonyeza ile saa inayongoja kabla ya kupiga, halafu naondoa mikono. Mikono naikalia. Kamera inapiga peke yake.

Na kwa kuwa naondoa mikono, nimepata nafasi ya kutazama.

Jana alfajiri kitu kilitoka majini. Kidudu cha rangi ya tope, kibaya kwa kweli, hakina bawa wala uzuri. Kikapanda tete kidogo kidogo, kikasimama, nikadhani kimekufa. Mgongo ukapasuka. Mwanangu, mgongo ulipasuka katikati kama koti linalofumuka, na ndani yake akatoka mwingine! Alitoa kichwa, akatoa kifua, akaning'inia nyuma kichwa chini, amechoka, halafu akajipinda akalishika ganda lake mwenyewe na kujivuta mwili wote nje. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama kitambaa kilicholowa mfukoni. Nikamwambia, pole, hivyo hutaruka. Wala hakunisikiliza. Yakaanza kukunjuka yenyewe, polepole, bila pasi wala mkono wa mtu, mpaka yakasimama yote manne, safi, kila mshipa mahali pake. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope na sikujua nimepiga magoti saa ngapi. Nikasema, Mola, umeshona haya gizani, chini ya maji, na hakuna aliyekuona.

Hapo nikabonyeza kamera. Picha ninakuwekea, utaona ubavu na utaona mkia.

Lakini sikiliza lililoniogopesha. Jua lilipomfikia alianza kutetemeka. Mabawa yote, mwili wote, mtetemo wa haraka, kama mkono wangu asubuhi. Ulizidi na kuzidi. Nikasema basi, na wewe pia. Nilitaka kugeuza uso nisimwone akianguka. Nikasikia mlio mdogo, na tete likabaki tupu.

Aliruka, mwanangu. Niambie, wewe unayewajua. Alikuwa mgonjwa?

Ganda lake limo kwenye kopo la vifungo. Lishike taratibu.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi,

Shikamoo mara mbili, moja yako, moja ya mikono yako.

Nimefungua kopo nikazima feni ya chumba kizima. Ganda limefika salama, lina mpaka nyuzi nyeupe pale alipopumulia, na makucha bado yameshika kipande cha tete. Miaka yote hii nimefanya kazi na waliokufa. Sijawahi kumwona mmoja akizaliwa. Mkuu alivua miwani yote miwili ili alitazame, sijui aliona nini bila miwani.

Hakuwa mgonjwa. Misuli ya kurukia imo kifuani, na ikiwa baridi haifanyi kazi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka anaitetemesha mpaka ipate moto. Asubuhi ya baridi hata wakubwa, wale walioruka jana na juzi, huanza hivyo hivyo. Ulichokiona ni mtu anayejiandaa kuondoka. Sikuambii kwamba mtetemo wako ni huo huo, Shangazi, siwezi kukudanganya, wako unahitaji daktari, na nimeshamwomba kinyozi akupeleke. Mnunie yeye, usininunie mimi.

Picha yako haina ukungu hata kidogo. Jiwe lina ukingo mmoja. Mishipi ni miwili, bado imepauka kwa uchanga, na koleo ni la Mishipi Miwili bila ubishi wowote. Nikafungua ramani yake ili nimalize kazi. Unajua nilikuta nini? Upande wenu wote ni mweupe. Kila mtu amemwona, kila mtu akasema huyu wa kila siku, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kumpiga picha. Hakuna, Shangazi. Nimeweka nukta nyekundu mahali lilipo shimo lako, na hii haitafutwa. Mkuu ameipa picha yako ukurasa mzima.

Nakuja Jumamosi ijayo. Cherehani nitaikalia mimi. Wewe utakaa pembeni na kunifokea.

Kiherehere


22 Mei

Kiherehere,

Marahaba, na mikono yangu inakujibu marahaba.

Kinyozi amenipeleka. Daktari ni kijana, ananiita bibi, nimemsamehe. Kanipa dawa ya kupunguza. Kuondoa, amesema, haitaondoa. Nikamwambia mimi sikuuliza kuondoa, nimeuliza kama nitaweza kukata kitambaa. Akasema nijaribu asubuhi, nikishapata joto.

Njoo na sindano nyembamba, zangu nimezipindisha. Vitundu vya vifungo utashona wewe, na ukikosea utafumua mbele yangu, hakuna cha kujifanya mtu wa makumbusho. Mtaa nimewaambia ukweli: siyo yule wa ajabu, ni yule wa kila siku. Kinyozi akauliza, "Kwa hiyo picha nitoe?" Nikamwambia amtazame vizuri kwanza, ndipo aseme kama huyo ni wa kila siku. Hajaitoa.

Leo nimefungua duka mapema. Nimetandaza kitambaa chako juu ya meza, nikachora kwa chaki. Kisha nikatoa kiti nje kwenye jua, nikaweka mikono yote miwili juu ya magoti, wazi, watu wakipita wananisalimia. Ilitetemeka, ikatetemeka, nami niliingojea. Mteja mmoja aliniuliza, "Fundi, una nini?" Nikamwambia napasha moto.

Halafu nikaingia ndani nikashika mkasi. Gauni limekatwa.

Shangazi yako